Tuta la pembeni

Kwetu Lushoto kabichi huchukua miezi mitatu shambani, na kwa miezi hiyo mitatu sisi watoto tulikuwa vibarua wake. Kusia kitaluni, kuhamisha miche, kupalilia, kupiga dawa, halafu usiku mmoja lori linapanda kutoka Mombo, mnapakia matenga kwa mwanga wa tochi, na mzigo unashuka kwenda Kariakoo. Nilipopata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea uhasibu, mama alinifungia nguo zangu akasema, "Haya, umeachana na jembe." Nilikubaliana naye moja kwa moja. Nikadumu bila jembe muda wa kabichi moja, basi.

Kilichonirudisha ni harufu. Ilikuwa Januari, lile joto la Dar ambalo mtu wa milimani halizoei hata akae mwaka. Daladala lilisimama kwenye foleni juu ya daraja, dirisha likiwa wazi, ikaingia harufu ya samadi ya kuku iliyotoka kumwagiwa maji. Abiria wenzangu wakaziba pua. Mimi nikashuka kituo kisicho changu.

Chini kulikuwa na bonde limebanwa kati ya gereji na kuta za nyumba za watu, matuta yamelala sambamba hadi kwenye mto. Mchicha kwa wingi, matembele, chainizi, bamia kidogo pembeni. Watu kama wanane hivi wanapishana na keni, moja kila mkono. Visima vyao havikuwa na ndoo wala kamba. Vilikuwa mashimo mapana yenye ngazi za udongo: unashuka mpaka maji yakufike magotini, unazamisha keni zote mbili, unapanda nazo, unatembea katikati ya matuta ukimwagilia kulia na kushoto kwa pamoja. Nilisimama nikiangalia mpaka mzee mmoja akanikaribia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mafungu mangapi?"

"Sinunui, baba. Naomba tuta nilime."

Aliangalia viatu vyangu, akaangalia begi la chuo, kisha akawapigia kelele wenzake: "Jamani, kuna msomi huku anataka kulima!" Wakacheka, na mimi nikacheka. Tangu siku hiyo jina langu pale bondeni likawa Msomi. Yeye wote walimwita Mjomba, nami nikamwita hivyo hivyo.

Ardhi haikuwa yao. Mwenye kiwanja aliwaachia walime mpaka siku atakapojenga, kwa hiyo hakuna aliyepanda mti wala kitu cha kungoja muda mrefu. Mchicha unafaa sana mahali kama hapo, maana ndani ya wiki tatu au nne umeshang'olewa na kuuzwa. Mjomba alinionyesha tuta la mwisho, jirani na ukuta wa gereji, ambalo kila mtu alilikwepa kwa sababu ya umbali wa kisima. "Hilo hapo. Ukilichoka, sema."

Sasa niseme ukweli: nilijiona fundi. Mimi nimezaliwa shambani, hawa wa mjini wananionyesha nini? Nilichimba vizuri, nikamwaga debe zima la samadi nililonunua asubuhi hiyo kwa mfuga kuku, bado ina uvuguvugu. Nikachora mistari mitatu iliyonyooka kwa kijiti, kama mama anavyopanda karoti, nikadondosha mbegu, nikafukia kwa udongo mzito, kina cha kidole. Mjomba alikuwa amesimama na keni zake muda wote huo. Aliuliza swali moja tu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mjomba."

"Haya."

Siku ya nne, hakuna kitu. Ya sita, miche kumi na mmoja, nimeihesabu, yote imepinda na kuungua ncha. Na kwenye mstari wa tatu nikakuta msafara wa sisimizi umebeba mbegu zangu, nyeusi, ndogo kama baruti, kwa utaratibu mzuri kuliko wangu.

Aliyenihurumia ni dada mmoja aliyekuwa na matuta ya matembele. Hakunicheka, ila alinisema. "Samadi ya kuku mbichi inaunguza, Msomi. Ilaze kwanza ipoe. Na mchicha haufukiwi kama maiti." Akanifundisha kuchanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisidondoke kwa mafungu, kuzirusha juu ya tuta zima, kuparuza kidogo tu kwa vidole, kufunika na majani makavu, na kuzungushia majivu kwa ajili ya wale wezi. Miche ikitoka, unafunua jioni, jua likishazama. Ukifunua mchana umeikaanga.

Mara ya pili ilitoka yote. Siku ya nne jioni niliinua yale majani, chini yake tuta lilikuwa limeota vipele vyekundu na kijani, maelfu. Nilikaa nikaiangalia mpaka mbu wakanifukuza.

Kesho yake nilikuwa na testi saa nne asubuhi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nafanya testi, saa sita niko bondeni, namwagilia. Tulipofika ukumbini tukaambiwa imesogezwa hadi saa kumi jioni, na kabla yake kuna kipindi ambacho mahudhurio yanaandikwa. Mnaojua jua la Januari mtanielewa. Mchicha uliofunuliwa jana yake, mizizi haijafika popote, udongo wa kichanga, na maji haujaonja tangu jana jioni. Kwenye ile testi mizania yangu iligoma kabisa kukaa sawa. Upande mmoja ulizidi, na sikuona sababu ya kuutafuta ulikozidi. Nilikusanya karatasi nikakimbilia daladala.

Nilifika kama saa kumi na mbili na nusu, jua linazama. Nilishapanga la kusema nikikuta tuta limelala: kwamba nalirudisha, asante, hayo mambo niliyaacha nyumbani.

Tuta lilikuwa bichi. Limelowa hadi kingo, na miche imesimama. Juu yake mtu ameegemeza makuti mawili kwenye vijiti, kivuli cha mchana. Kutoka kisimani hadi ukutani kulikuwa na michirizi ya maji njia nzima, mingine imeshakauka, mingine ya muda huo huo. Kwa hiyo walikuja zaidi ya mara moja, kwenye tuta ambalo wao wenyewe walilikwepa kwa umbali.

Niliuliza ni nani. Dada wa matembele akasema hajui, yeye alikuwa na kazi zake. Kijana wa chainizi akasema labda ni mvua. Mjomba alikuwa ananawa miguu kisimani, hakugeuka.

"Mjomba, nashukuru sana."

"Unanishukuru mimi kwa lipi? Kesho alfajiri mama wa bamia anampeleka mtoto kliniki. Matuta yake ni sita. Keni ziko pale chini ya mkorosho."

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa kisimani. Keni mbili zilizojaa ni nzito kuliko tenga la karoti, kwa sababu tenga unalibeba kichwani na halichezi. Nilimwaga nusu njiani, nikateleza kwenye ngazi, nikalowa mpaka kiunoni. Kijana wa chainizi akaniambia niache kuzibana kwapani, ninyooshe mikono. Nilimaliza matuta sita jua likiwa limeshatoka, nikaenda kipindi cha saa mbili nanuka mto.

Baada ya wiki tatu mchuuzi alinunua tuta langu zima. Nikampigia mama simu. Alifurahi, halafu akanyamaza kidogo, nikajua linakuja swali.

"Ulipanda kwa mistari lakini?"

Nikamwambia mtandao unakatika.