Siku moja dawati la udahili: "Majina yametoka?"

Saa 1:30 asubuhi. Ni Agosti, upepo wa kusi unapuliza, na nje ya ofisi ya udahili ya chuo kikuu benchi limeshajaa. Kila mzazi ana bahasha ya kaki mapajani. Wengi wamekuja kwa niaba ya watoto waliomaliza kidato cha sita, walioko Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, ambako simu haishikwi unavyotaka. Swali ni lile lile la jana: majina ya waliochaguliwa yametoka?

Hayajatoka. Hata afisa anayeliona jina kwenye skrini hawezi kulitamka kabla orodha haijarudi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Ukimya wa chuo mara nyingi ni huo tu, wala si dalili ya kukosa.

Saa 2:00. Kazi ya kwanza ni maombi yaliyokwama. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, hapiti tena kwenye mfumo mmoja wa TCU, kwa hiyo kila chuo kina mfumo wake na vituko vyake. Mwombaji anaingiza namba ya mtihani ya kidato cha nne, halafu ya kidato cha sita, na mfumo unavuta matokeo kutoka Baraza la Mitihani (NECTA). Aliyerudia mtihani ana namba mbili za kidato cha nne, ila ameweka moja, mara nyingi ile yenye F ya Hisabati. Mwenye stashahada hana AVN, yaani namba ya uhakiki inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa sababu chuo alichotoka hakijapeleka matokeo. Huyo wa pili hatuna la kumsaidia, inabidi arudi akawagongee mlango kule alikosoma.

Saa 3:30. Mama mmoja anakunja khanga, anaketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kijana wangu ana divisheni wani ya saba. Nimeambiwa chuo kinataka nne. Sasa amezidi au amepungua?"

Swali hili huja kila siku, na si la kuchekwa. Pointi za divisheni na pointi za udahili zinakwenda kinyume. Kwenye divisheni A ni 1, B ni 2, C ni 3, hadi F ambayo ni 7, na mwenye chache ndiye bora. Kwenye udahili A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na mwenye nyingi ndiye bora. Wani ya 7 ya B, B na C inageuka kuwa 11 kwa masomo matatu. Kiwango cha chini cha jumla ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye alama kati ya A na E, zenye jumla ya 4.0, na lazima zitoke kwenye masomo yanayobeba kozi. GS (General Studies) na BAM (hisabati ya msingi), ambayo ni masomo ya ziada, hazihesabiwi humo. Waliomaliza 2014 na 2015 wana mizani yao, yenye B+ ndani, na wanatakiwa kuwa na C mbili.

Hapo kwenye "masomo yanayobeba kozi" ndipo watu wanapoumia. Chukua mwanafunzi wa mchepuo wa EGM mwenye Uchumi C, Jiografia B na Hisabati S. Ana divisheni tuu ya 11, nyumbani wamemchinjia kuku. Akiomba kozi inayotaka prinsipo ya Hisabati anatupwa nje siku ya kwanza, maana S, alama iliyo chini ya E, si prinsipo. Mwenzake wa divisheni thrii, mwenye D ya Uchumi, E ya Jiografia na D ya Hisabati, anapita mlangoni na 4.0 yake.

Lakini kupita mlangoni si kupata kiti.

Saa 5:00. Orodha iliyoko TCU ilipangwa hivi. Kila kozi ina idadi ya nafasi iliyoidhinishwa na TCU. Tuseme ni 60 na wenye sifa ni 700: wanapangwa kwa pointi kutoka juu, mstari unachorwa chini ya wa 60. Mstari ukiangukia watu watatu wenye pointi sawa, kila chuo kina utaratibu wake wa kuwatenganisha. Udaktari ndio mgumu kuliko zote, kwa kuwa unataka prinsipo zote tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia, na wenye alama nzito wa mchepuo huo wa PCB nchi nzima wanaelekeza macho chuo cha Muhimbili. Mwenye C tatu anayejaza machaguo yote kwa udaktari, kwa maoni yangu, amejiandikia awamu ya pili ya maombi mwenyewe. Weka ndoto juu, chini yake weka kozi mbili tatu ambazo ukipangiwa utakwenda bila kununa.

Saa 7:00, wali maharage, dakika ishirini.

Saa 8:00. Orodha za awamu zilizotumwa TCU zimerudi. Kule zimelinganishwa na za vyuo vingine, na waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja wamewekewa alama. Aliyechaguliwa chuo kimoja hana la kuthibitisha. Mwenye viwili au zaidi anatumiwa namba maalumu ya siri kwa meseji au barua pepe, anaiingiza kwenye akaunti ya chuo anachokitaka, basi.

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Wengi waliombewa steshenari, na kijana wa steshenari, kwa haraka zake, aliweka namba yake ya simu kwa wateja wote. Namba za siri za watu thelathini zimeingia kwenye simu moja.

Saa 10:00. Simu hazikatiki. Aliyekosa anaelezwa awamu ya pili: aangalie nafasi zilizobaki, asirudie kozi ileile iliyojaa. Mwingine alikuwa anasubiri achaguliwe ndipo aombe mkopo. Dirisha la Bodi ya Mikopo halimsubiri mtu, na cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kiwe kimehakikiwa kwanza na RITA, wakala wa usajili. Jina likitofautiana na la NECTA hata kwa herufi, jiandae kwa safari za wakili na kiapo.

Saa 12:00 jioni. Mama wa asubuhi amerudi. Kijana amechaguliwa vyuo viwili, na namba ya siri haionekani. Tunaingia kwenye akaunti yake: simu iliyoandikwa ni ya steshenari ya Mbagala. Inapigwa, haipatikani. Tunabadilisha namba, tunaomba nyingine itumwe. Mama anaiweka simu yake ya vitufe mezani, kioo kikitazama juu, na sote tunaitazama.