Rejeta ya 5L kwenye injini ya 3L: kava la feni ndilo lililonitesa

Jumamosi gari limepanda mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, na magunia manane ya vitunguu mgongoni, nyuma ya semitrela lililokuwa linatambaa kama kinyonga, na mshale wa joto haukuvuka katikati. Miezi mitano nimeisubiri siku hii.

Mliofuata tangu mwanzo mnalijua gari: Toyota Hilux LN106 ya 1993, injini ya dizeli ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita), cc 2,779, na rejeta ya shaba iliyochomelewa mara nyingi hadi mapezi yakawa yanapukutika ukiyagusa kwa kidole. Niliitoa nikaweka ya Hilux ya toleo lililofuata, yenye 5L: kiini cha aluminiamu, matangi ya plastiki, na upana unaozidi ule wa zamani kwa sentimita 7. Mabano na hozi ya chini vilinichukua siku mbili tu, sina haja ya kuvirudia.

Balaa lilianza baada ya hapo. Pale tambarare ya Ruaha Mbuyuni, kilomita 80 kwa saa, gari limetulia kama maji ya mtungini. Likianza mlima polepole na mzigo, joto linapanda mpaka nasikia maji yakigugumia kwenye mkebe wa akiba. Rejeta ni kubwa kuliko ya mwanzo na bado linachemsha! Mara tatu nimekaa kando ya barabara pale Kitonga, jiwe nyuma ya tairi, nikisubiri lipoe huku malori ya Tunduma yakinipita na hasira zimenikaba kooni.

Kila gereji jibu lilikuwa lile lile. Mzee mmoja wa Iringa, fundi ninayemheshimu sana, alipoitikia shikamoo yangu alichungulia ndani ya boniti kidogo tu, akasema, "Mwanangu, toa hiyo thermostati utupe. Nchi yetu ya joto, haina kazi."

"Mzee wangu, nikiitoa njia ya mchepuko itabaki wazi."

Akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake. Namheshimu, lakini hapa sikubaliani naye hata kidogo. Thermostati ni vali inayofungua maji yaende kwenye rejeta yakishapata moto, na ya injini hizi ina sahani ya pili chini. Inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, sahani hiyo inashuka na kuziba mchepuko. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta kabisa, na mlimani ndiko utakakojuta. Niliweka mpya ya nyuzi 82, kipini kidogo kikitazama juu ili hewa ipate pa kutokea. Kabla ya kuifunga niliichemsha kwenye sufuria pamoja na kipimajoto: ilianza kuachia kwenye 82, na kwenye 95 ilikuwa imefunguka zaidi ya milimita 8. Nzima kabisa. Tatizo halikuwa hapo.

Mfuniko nao niliushuku. Rejeta hii mpya ilikuja na wa presha ya bar 1.1, wa zamani ni 0.9. Nimebaki na 0.9 kwa sababu kiini cha hita bado ni kile kile cha 1993 na sitaki kukipasua. Ila mfuniko lazima uwe unashika presha kweli. Iringa iko kama mita 1,600 juu ya bahari, na huko maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Aliyenifungua macho ni udi. Ijumaa moja jioni mke wangu alikuwa amewasha udi wa vijiti sebuleni, nikawa naangalia jinsi moshi unavyofuata upepo wa mlangoni. Nikamwomba kijiti kimoja, nikatoka nacho nje, nikawasha injini na kumwambia kijana wangu aishike kwenye mizunguko 1,500. Mbele ya grili, katikati, moshi ulizama kwenye kiini mara moja. Pembeni ulining'inia tu. Na upande wa kushoto, karibu na tangi, ulirudi usoni kwangu, na hewa iliyoubeba ilikuwa ya moto! Nikazunguka nyuma, nikakisogeza kijiti kwenye mwanya kati ya kava la zamani (ile plastiki inayoizunguka feni) na rejeta mpya. Moshi ukanyonywa wote ukaingia mle. Yaani feni ilikuwa inavuta joto la injini yenyewe badala ya kuvuta hewa kupitia kwenye rejeta. Kwa mwendo kasi upepo wa barabara unafanya kazi hiyo, ndiyo maana tambarare haikuwa na shida.

Nikapima. Rejeta mpya imekaa mbele zaidi, kwa hiyo mapanga ya feni yalikuwa nje ya pete ya kava kwa sentimita 4 nzima. Yanatakiwa yawe nusu ndani, nusu nje.

Hapa nilifanya kosa lililonigharimu wota pampu. Nilimpa fundi wa leth achonge spesa ya aluminiamu ya milimita 40, nikaisogeza feni mbele kwa bolti ndefu. Ilipendeza macho. Wiki mbili baadaye pampu ikaanza kudondosha maji kwenye kitundu chake cha chini, na nilipoishika feni na kuitikisa, shafti ilicheza. Feni na klachi yake ni vizito, ukivisogeza mbele hivyo beringi ya pampu ndiyo inayobeba adhabu. Spesa imekwenda kwenye chuma chakavu.

Basi nikarefusha kava. Nilikata ukanda wa sentimita 10 kwenye pipa la plastiki la bluu la lita 200, nikaulainisha juu ya jiko la mkaa kidogo kidogo, nikaukunja kufuata pete na kuufunga kwa ribiti 14. Nikaacha nafasi ya sentimita 1 kutoka ncha za mapanga. Haitoshi! Kava limefungwa kwenye rejeta, lakini injini inayumba juu ya mpira wake. Nilipoachia klachi kwa nguvu mara ya kwanza, nilisikia mkwaruzo, na chini nikakuta nyuzi za plastiki ya bluu zimejikunja kama maganda ya penseli. Nikarudia na nafasi ya sentimita 2.5. Zile sentimita 7 za upana nimezifunika kwa bati la aluminiamu, na pande zote nimezungushia mpira wa mlango wa gari bovu. Nikawasha udi tena: moshi wote unaingia mbele, haurudi.

Matokeo ya mlimani, niliyopima kwenye hozi ya juu mara tu baada ya kusimama: zamani 108, sasa 93. Mnaotumia bunduki ya kupimia joto, bandikeni kipande cha tepu nyeusi mnapopima. Kwenye aluminiamu inayong'aa inasoma chini sana na itawadanganya. Na jambo jingine, klipu za springi za Toyota msizitupe. Zile za kukaza kwa bisibisi zinaikata hozi laini, wakati springi inaifuata hozi inapotanuka na inaposinyaa.

Wiki hii nilipanga kutoa kiini cha hita. Nimeahirisha, kwa sababu kuna kitu kimeniteka: king'ora cha maji kupungua. Maji yakiisha, sensa ya joto inabaki kwenye hewa tupu, mshale unaweza hata kushuka wakati silinda hedi inaungua. Nimechukua plagi ya zamani ya pikipiki, nikaikata kile kimkono cha pembeni, nikaifunga kwenye kipande cha bomba la chuma ninachotaka kukiweka katikati ya hozi ya juu. Ncha ya kati imetengwa na kauri, kwa hiyo maji yakiigusa umeme unapita kwenda kwenye bodi ya gari, yakiondoka transista inawasha king'ora. Mezani kwenye bakuli la kulanti, yaani maji ya rejeta, kinanyamaza, nikiinua kinalia mpaka kuku wanakimbia. Waya nimeshaupitisha kwenye ukuta wa injini, kesho nakata hozi.