Tulivyompata Kinjekitile wetu

Siku ya sabini na mbili mwanangu alikuwa bado anaitwa "Baba". Kwenye tangazo la kizazi sehemu ya jina ilikuwa wazi, na siku 90 za kumwandikisha kabla hajaingia kundi la waliochelewa zilikuwa zinayoyoma. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani. Mume wangu ni Mmatumbi wa Kilwa, Mwislamu. Mama yangu alitaka Yohana, mama mkwe alitaka Ramadhani. Wanaosema "jina ni jina tu" hawajawahi kukaa katikati ya mama wawili wanaowapenda sawasawa.

Tukakubaliana tusiende msikitini wala kanisani, twende kwa mababu. Mimi nilikuwa na Gwakisa, yaani wa huruma, kwa sababu kabla yake mimba moja ilitoka na huyu nilimwomba kwa machozi. Mume wangu alikuwa na Kinjekitile, kwa ajili ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa hata vita vya Maji Maji vikawaka mwaka 1905.

Ushauri tulioupata, Mungu anisamehe, uliniudhi. "Mpeni Brayani, majina ya kishamba yanakosesha kazi." Mtu anayesema hivyo hutamka majina ya wachezaji wa Ulaya yenye herufi kumi na tatu bila kukwama hata mara moja!

Kwanza tulijaribu kura. Jumapili nikapika pilau, nikakata vikaratasi viwili, nikavitia kwenye kikombe cha bati, shangazi mmoja akaombwa achote. Akafungua, akasoma kwa furaha: "Braitoni." Kumbe alikuja na kikaratasi chake mkononi. Mume wangu akanyamaza, na yeye akinyamaza ni hasira. Shangazi akaondoka hajala, na ikanichukua wiki mbili na doti ya khanga kumrudisha. Msipige kura ya jina, nawaomba.

Kilichotusaidia nilikigundua mwenyewe. Jina la mtoto litaitwa uani maelfu ya mara kabla halijaandikwa popote, basi lijaribiwe uani. Siku tatu niliwaambia watoto wa majirani hapa Mbagala kwamba mdogo wao anaitwa Gwakisa. Jioni, giza likianza kuingia, nasimama mlangoni naita kama mama anayemwita mwanawe aje kuoga: "Gwakisaa!" Kila mtu mzima aliyelisikia aliuliza, "Kisa gani tena?" Bibi wa nyumba ya tatu alikuja na kanga begani kunipa pole, akidhani yametufika makubwa. Moyo uliniuma. Kwetu kisa ni huruma, huku ni mkasa, na sikutaka mwanangu aeleze mkasa wake maisha yake yote.

Siku tatu zilizofuata nikaita Kinjekitile. Pumzi ilinikata kabla sijafika mwisho. Lakini siku ya pili tu watoto wenyewe walikuwa wameshalikata: "Mama Kinje, Kinje ameamka?" Kinje! Linatoka mdomoni kama jiwe linavyoteleza majini. Hapo nililia kidogo, nikampigia mume wangu kazini.

Likabaki neno la ukoo. Mjomba mmoja alisema tunampa mtoto jina la mtu aliyenyongwa. Ni kweli, Wajerumani walimnyonga huko Mohoro, Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza. Lakini Wapogoro, Wangoni na wengine waliendelea kupigana baada yake, hadi 1907. Aliyemaliza mjadala ni mama yangu, yule yule wa Yohana, kwa simu kutoka Tukuyu: "Mbona Yesu naye walimuua, na jina lake tunaliita kila siku?" Mama mkwe alicheka hadi akafuta macho, akaomba aongee naye mwenyewe. Mama yangu bado anamwita Gwakisa, na mimi simkatazi.

Kuandikisha hakukuwa kazi: nauli, nakala na vocha havikuzidi elfu kumi na kitu. Ila nendeni na jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Mwandishi wa zamu alisikiliza, akaandika haraka KINJEKETILE. Nikamwekea karatasi yangu mbele, nikamwonyesha kwa kidole ile I baada ya K ya pili. Akaitazama, akachana fomu, akachukua nyingine.