Nilivyowafikisha wakwe zangu maabara kupima selimundu

Kama umeolewa mbali na kwenu na una mtoto mwenye selimundu, yaani sikoseli, huenda nawe umeshaambiwa maneno niliyoambiwa mimi: "Kwetu huku hakuna huo ugonjwa." Mimi kwetu ni Sengerema, nimeolewa Mpwapwa, tunaishi Dodoma mjini, Nkuhungu. Kila mwanangu alipolazwa, ndugu wa mume wangu walikuja hospitali na uji na chai ya chupa, wakanipa pole za kweli, halafu wakirudi nyumbani mazungumzo yakawa ni damu ya Kanda ya Ziwa. Hawakuwa na ubaya na mimi, waliamini hivyo tu. Lakini imani ile ilikuwa ya hatari, kwa sababu shemeji zangu walikuwa wanakaribia kuoa na kuolewa bila kujua wamebeba nini. Nilifanikiwa kuwapeleka wote wakapime, kuanzia baba mkwe, na nasema bila haya kwamba najivunia.

Kwa mwanangu ilianza na vidole. Alikuwa na miezi kama minane, mikono na miguu ikavimba, ngozi ikawa inang'aa, ukimgusa analia mpaka sauti inakatika. Nikaambiwa kaumwa na mdudu. Nikaambiwa malaria. Nikaambiwa kuna mtu kamwangalia vibaya, maana alizaliwa mzima. Hilo la kuzaliwa mzima ndilo linalowapoteza wengi. Himoglobini ni ile protini ya damu inayobeba oksijeni, na mtoto mchanga huja na himoglobini ya tumboni, ambayo selimundu haiigusi. Himoglobini hiyo hupungua kidogo kidogo, na kwenye miezi sita hivi ile ya ukubwani inakuwa imeshika nafasi yake. Hapo ndipo ugonjwa unapojitokeza, hata kama hakuna jirani aliyemwangalia.

Aliyetuondoa gizani ni daktari mmoja aliyeagiza kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini, kinachoonyesha mtu ana himoglobini za aina gani. Majibu ya mtoto yakaja SS. Mimi na baba yake tukapimwa, wote AS: A ni ya kawaida, S ni ya selimundu. Akatueleza taratibu: kila mtu ana nakala mbili za kinasaba kinachotengeneza sehemu ya himoglobini, nacho kiko kwenye kromosomu namba 11, nakala moja ya baba na moja ya mama. Kwenye selimundu, herufi moja tu ya DNA imebadilika, palipokuwa na herufi A (si ile ya AS) pamekaa T. Kwa herufi hiyo moja, kijenzi kimoja cha protini, valini, kinaingia mahali pa kingine, asidi ya glutamiki, na oksijeni ikipungua himoglobini zinashikamana, chembe nyekundu inajikunja, inakwama kwenye mishipa midogo na kufa mapema. Aliyeonyesha kwamba tofauti ni ya kijenzi kimoja tu kwenye protini ile ni mwanasayansi Vernon Ingram, kule Cambridge, mwaka 1957. Herufi moja kati ya bilioni tatu hivi anazotupa kila mzazi! Nililala na habari hiyo, nikaamka nayo.

Mwenye nakala moja tu, AS, ni mzima. Anafanya kazi, anazaa, anazeeka, hajui chochote. Ndiyo maana ukoo unaweza kuapa kwamba ugonjwa haumo.

Sasa lile lililonikera kuliko yote. Mhudumu mmoja wa kituo fulani, akiwa na sare yake na kujiamini kwake, alituambia: "Nafasi yenu ni moja kwa nne. Mgonjwa mmoja mmeshampata, watatu wanaofuata watakuwa wazima." Hapana. Kila mimba inaanza upya: robo SS, nusu AS, robo AA, hata kama aliyetangulia amekuja mgonjwa. Namfahamu mama aliyeambiwa maneno hayohayo, akabeba mimba akiwa ametulia, na mtoto aliyefuata naye akawa SS. Anayetoa ushauri ule anacheza na maisha ya watu.

Jaribio langu la kwanza kwa wakwe lilikuwa la kalamu. Tulikwenda Mpwapwa sikukuu ya Krismasi, nikachora miraba minne kwenye daftari, nikajaza A na S kama daktari alivyonichorea. Baba mkwe alilishika daftari kwa heshima zote, akalitazama juu chini, akasema, "Umesoma, mwanangu," akanirudishia. Basi, imeisha. Shemeji yangu mkubwa akatoa kadi yake ya kuchangia damu mfukoni. "Mimi hapa nimeandikwa A. Hiyo S yako sina." Wifi akadakia kwamba yeye ni O, kwa hiyo hayumo kabisa. Wakacheka, sahani zikaletwa.

Hili nalieleza kwa sababu wengi wanalichanganya. Grupu la damu, yaani A, B, AB na O, linatoka kwenye kinasaba kingine kabisa, kwenye kromosomu namba 9. Mtu wa grupu A anaweza kuwa AA, AS au hata SS. Kadi ya mchangia damu haijibu swali la selimundu. Ukienda maabara usiseme tu "napima damu", sema unataka kipimo cha himoglobini cha selimundu, na usiondoke mpaka uhakikishe ndicho kilichoandikwa kwenye fomu.

Nilirudi tena msimu wa mavuno, na safari hii sikubeba daftari. Tulikuwa uani tunabangua njugu mawe. Mnaozijua za huku kwetu mnajua zinakuja za rangi: kuna nyeupe, na kuna nyekundu iliyokolea mpaka inakaribia weusi. Nikamwomba mama mkwe vibuyu viwili vidogo. Kila kibuyu nikatia njugu mbili, nyeupe moja na nyeusi moja. Nikamwambia, "Mama, hiki ni mimi, hiki ni mwanao. Funga macho, chota moja humu na moja humu. Hizo mbili ni mtoto."

Akachota nyeupe na nyeusi. Nikamwambia huyu mzima, ila amebeba. Nikamwomba azirudishe, kila moja kwenye kibuyu chake, kwa sababu kuzaa hakumalizi alichonacho mzazi. Akachota tena, nyeupe mbili. Akafurahi. Akarudisha, akachota, zikaja nyeusi mbili. Mama mkwe akaziangalia kiganjani bila kusema kitu, halafu akasema, "Huyu ndiye mjukuu wangu." Ndiye, mama. Rudisha. Akachota mara nyingine, na Mungu ni shahidi yangu, zikaja tena nyeusi mbili. Akapiga kelele, "Aa! Si ameshatoka huyu!" Nikamwambia ametoka, mama, lakini njugu zimerudi kibuyuni. Alielewa papo hapo kitu ambacho yule mhudumu mwenye sare hakukielewa.

Kufikia hapo uani pamejaa. Wifi anataka kuchota, shemeji anataka kuchota, watoto wanasukumana. Nikafanya nililolipanga tangu Dodoma. Nikaondoa njugu nyeusi kwenye kibuyu cha mume wangu, nikaweka nyeupe mbili. Nikasema, "Tuchukulie mnavyosema ni kweli, huku kwenu haimo. Nyeusi ninayo mimi peke yangu. Haya, nitoleeni mtoto mgonjwa."

Wakachota. Wakachota mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye zizi. Nyeupe na nyeupe, nyeupe na nyeusi, basi. Shemeji wa kadi ya damu akawa anatikisa kibuyu kwa nguvu, anachota, anatikisa tena. Hakuna aliyetoa nyeusi mbili. Mimi sikusema neno. Baba mkwe alikuwa pembeni anachonga mpini wa jembe, nikajua anasikiliza kwa sababu kisu kilikuwa kimesimama muda. Akainuka, akaja, akachungulia kibuyu cha mwanae, akaniambia, "Rudisha ile nyeusi."

Usiku ule ndipo alipotuambia habari ya wadogo zake wawili, ambao mume wangu hakuwahi hata kuwasikia. Walikufa wadogo, macho ya njano, mikono imevimba. Ukoo ulisema wamelogwa, na kuna familia jirani iliyosingiziwa mpaka ikahama. Mama mkwe akauliza, "Sasa hii nyeusi ya mwanangu imetoka kwako au kwangu?" Nikawaambia njugu haziwezi kujibu hilo, twendeni Dodoma.

Safari na vipimo tulichangishana. Sikumbuki jumla, ila mume wangu alitoa sehemu kubwa na gunia moja la alizeti liliuzwa. Majibu: mama mkwe AA, baba mkwe AS, shemeji wa kadi ya damu AS, wifi AA. Niliogopa mzee angevunjika moyo, nikawa nimejiandaa na habari ya malaria. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alichapisha utafiti alioufanya huku kwetu Afrika Mashariki, akaonyesha kwamba mwenye nakala moja ya selimundu analindwa dhidi ya malaria kali. Si kwamba haugui kabisa, ila uwezekano wa malaria kumuua utotoni ni mdogo. Ndiyo maana kinasaba hiki kimedumu sana kwenye nchi zenye mbu, na Tanzania inakadiriwa kupata watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Baba mkwe akasema, "Kumbe ilitulinda." Nikamwambia ndiyo baba, lakini mjukuu wako mwenye mbili hana ulinzi huo, malaria kwake ni hatari sana, kwa hiyo chandarua ni lazima hata akija kulala kwako siku moja.

Shemeji alimpeleka mchumba wake akapime kabla ya mahari. Akawa AA. Watoto wao hawatakuwa SS, ingawa kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kubeba. Wameshaoana. Kama angekuwa AS ningewaeleza ukweli wote na kuwaachia uamuzi, maana ndoa ni yao.

Mwanangu sasa yuko darasa la tatu. Dawa zake ni foliki asidi na haidroksiyurea, na alipokuwa mdogo alikunywa penisilini kila siku kumkinga na maambukizi. Juni na Julai upepo wa Dodoma hauna huruma, baridi inaamsha maumivu, kwa hiyo soksi na sweta mbili hata kama wenzake wamevaa shati. Chupa ya maji haiachwi nyumbani. Mwalimu wake ilibidi nimfuate nimweleze kwamba mtoto huyu atakojoa mara nyingi, kwa sababu figo zake haziwezi kukoleza mkojo, asimzuie kutoka darasani.

Jirani yangu ana binti SS naye, na karibu halazwi. Watu wakaanza: "Mbona mwenzako anaweza?" Nakala zao za kromosomu 11 zina herufi ileile, lakini wanatofautiana kwenye vinasaba vingine. Kuna watu himoglobini ya tumboni haiwaishi, inabaki nyingi mpaka ukubwani na inawapunguzia ugonjwa. Kinasaba kimoja kinachohusika na hilo kinaitwa BCL11A. Haidroksiyurea nayo husaidia kwa kupandisha himoglobini hiyohiyo, na tiba ya kuhariri vinasaba, Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, inakizima kinasaba hicho kwenye chembe za damu. Bei yake huko Marekani inapita dola milioni mbili. Kwa hiyo msinilinganishe na jirani.

Kuna njia iliyo karibu nasi zaidi. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapahapa Dodoma, imepandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu, na uloto huo hutoka kwa ndugu wa tumbo moja. Mwanangu na dada yake mkubwa wanafanana mno, hata walimu huwaita mapacha, basi kila mtu akasema huyo ndiye. Kuna aliyepinga kwa kuwa dada ni AS, nalo si kweli, AS anaweza kutoa. Kinachotazamwa ni vinasaba vya HLA, kwenye kromosomu namba 6, ambavyo mwili hutumia kutambua kilicho chake na kisicho chake. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi moja kwa nne ya kulingana kabisa, na sura haina kauli hapo. Tukapima. Dada analingana nusu tu. Nililia, sifichi.

Amebaki mdogo wao wa mwisho, ambaye ni AS. Hafanani na kaka yake hata pua. Sampuli yake imeshachukuliwa. Mama mkwe anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada kuuliza kama majibu yametoka, na baba mkwe ameshasema ni ng'ombe yupi atauzwa yakiwa mazuri.