Pafu Lisiloteleza

Juma hili mwanafunzi wetu mmoja wa kozi ya kutoa dawa za usingizi aliweka kichwa cha altrasaundi kwenye kifua cha mgonjwa, akatazama kioo kwa muda mfupi, kisha akasema kwa uhakika: "Dada, utando hautelezi. Hewa imevuja." Mgonjwa yule alikuwa na tatizo jingine, nalo lilitatuliwa, lakini maneno hayo yalinirudisha kwa mzee mmoja mkata michikichi tuliyewahi kumhudumia, na usiku wake ulivyokuwa.

Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mchikichi akikata mikungu, akaangukia ubavu wa kushoto. Alipofikishwa Kigoma mjini, viganja vyake vilikuwa vimepauka na presha ilikuwa ikishuka. Altrasaundi ilituonyesha ukanda mweusi kati ya wengu na figo, na mwingine kati ya ini na figo. Mashine haikutuambia kama majimaji hayo yalikuwa damu, wala yalitoka kwenye kiungo gani, na kama yangekuwa machache, chini ya mililita 200 hivi, huenda isingeyaonyesha kabisa. Hata hivyo, kwa mtu aliyeanguka na ambaye presha yake inashuka, ukanda ule ulitosha kutupeleka chumba cha upasuaji bila kusubiri. Wengu ulikuwa umepasuka, jambo lisiloshangaza katika mkoa wenye malaria nyingi, ambako wengu uliovimba hupasuka kirahisi. Uliondolewa, mzee akaongezewa damu, akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa bado na mpira wa kupumulia.

Usiku wa manane, muda mfupi baada ya wauguzi kumgeuza ili wabadilishe mashuka, oksijeni ilishuka kutoka asilimia 96 hadi 84. Nilisikiliza kwa stetoskopu na upande wa kushoto ukawa karibu kimya. Daktari wa zamu, kijana ninayemheshimu hadi leo, aliagiza sindano nene ya kutoboa kifua. Hoja yake ilikuwa nzito: ubavu uliopigwa chini ulikuwa wa kushoto, mbavu zilizovunjika hutoboa pafu, na mashine inayosukuma hewa huifanya hewa iliyovuja iongezeke upesi na kulibana pafu pamoja na moyo. Nilimwomba nipime kwanza, kwa sababu dalili za hewa kuubana moyo hazikuwepo: presha ilikuwa imetulia, mishipa ya shingo haikuwa imevimba, na koromeo la hewa lilikuwa katikati.

Kwenye picha ya pafu mtu hutafuta mstari mweupe unaong'aa kati ya vivuli vya mbavu mbili. Hapo utando wa pafu hugusana na utando wa ukuta wa kifua, na pafu linapojaa na kupungua, mstari huo huteleza kwenda na kurudi. Hewa ikiingia kati ya tando hizo mbili, mtelezo hupotea. Daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein na mwenzake waliandika mwaka 1995 kwamba kuteleza huko huondoa shaka ya hewa iliyovuja, na ninaona wengi wetu tumeisoma habari hiyo kinyume. Mtelezo ukiwepo, mahali hapo hapana hewa iliyovuja. Usipokuwepo, maana zake ni nyingi.

Niliweka kichwa cha mashine kati ya ubavu wa pili na wa tatu. Mstari ulikuwa umekufa, hauendi wala haurudi. Nilisikia daktari akifungua karatasi ya sindano nyuma yangu. Nilishuka taratibu hadi karibu na ubavu wa nne, nikashikilia mkono wangu usitikisike, maana mkono ukitikisika picha hudanganya. Mtelezo haukuwepo, lakini mstari ulikuwa ukitetema, mtetemo mdogo sana, nami nilipotazama kioo cha mapigo ya moyo nikaona kila mtetemo umefuatana na pigo. Moyo ulikuwa ukilisukuma pafu, na mtetemo ulikuwa ukifika hadi kwenye ukuta wa kifua, jambo lisilowezekana kama hewa ingekuwa imelitenga pafu na ukuta. Kwa hiyo pafu la mahali pale lilikuwa limegusa ukuta, ila halikuwa likipokea hewa. Nilitafuta kule juu ule mpaka ambapo mtelezo huanza na kuisha, ambao ungethibitisha kwamba hewa imevuja, na sikuuona. Kutouona nako hakuthibitishi chochote.

Nikatazama mpira mdomoni. Tulikuwa tumeufunga kwenye alama ya 22, na sasa alama iliyokuwa kwenye meno ilikuwa 26. Ulikuwa umeteremka wakati wa kumgeuza, ukaingia kwenye njia ya hewa ya pafu la kulia peke yake, pafu la kushoto likakosa hewa. Tuliuvuta polepole, na oksijeni ikapanda hadi 95. Karibu na ubavu wa nne mstari ulianza kuteleza. Kati ya ubavu wa pili na wa tatu haukuteleza, na daktari aliniuliza kwa sauti ya chini kama bado tusitoboe.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, amejifunika kitenge. Nilimwuliza kama mzee aliwahi kuugua kifua. "Alikunywa dawa za kifua kikuu, mwanangu," alisema, "zile za zamani za miezi minane, hata mtoto wetu wa mwisho alikuwa hajazaliwa." Eksirei iliyopigwa kulipokucha ilionyesha makovu juu ya pafu la kushoto, na hewa iliyovuja haikuonekana. Pafu lilikuwa limegandamana na ukuta kwa miaka mingi, na sindano ingepita katikati yake.

Mzee alirudi kwao akitembea. Nimeendelea kuipenda mashine ile, maana bila ule mtetemo nisingekuwa na neno la kumzuia daktari. Lakini mtetemo niliuona upande ambao moyo uko karibu, na moyo wenyewe ulikuwa na nguvu. Kama presha ingekuwa inaporomoka usiku ule, mstari umekufa na mtetemo hauonekani, nadhani ningempisha daktari atoboe, na hadi leo siwezi kusema kwamba angekuwa amekosea.