Siku Niliyozunguka Bwawa la Czorsztyn na Mama Mkwe wa Dada

Shemeji alitaka tulizunguke bwawa kwa kufuata mwendo wa saa, na hoja zake zilikuwa na maana. Poland watu hupita kulia, kwa hiyo ukizunguka hivyo maji yanakuwa upande wako njia nzima. Halafu vilima vya ng'ambo ya kusini unavimaliza asubuhi, miguu ikiwa bado na nguvu. Mimi mgeni sikuwa na la kusema. Mama yake, ambaye alikuwa ameshavaa glavu na kushika usukani, alitamka maneno machache ya Kipolandi, na shemeji akageuza baiskeli yake bila kubisha.

"Amesemaje?"

"Amesema yeye anaanzia kwao, shemeji."

Kiswahili chake alikipata Morogoro, ndiko alikokutana na dada. Siku hiyo dada alibaki Kraków na mtoto mchanga, na nadhani tulitolewa nyumbani makusudi ili apate usingizi. Ilikuwa Jumatatu, mwisho wa Septemba. Shemeji alisema Jumamosi ya Julai nisingeipenda njia ile hata kidogo: watoto, mbwa, watu wa viatu vya magurudumu, kila mtu anapiga kengele. Siku ya kazi, shule zikiwa zimeshafunguliwa, ilikuwa yetu. Nilichosikia kwa kilomita kadhaa za mwanzo ni tairi kwenye lami na cheni ya shemeji iliyokuwa ikilia kwa kukosa mafuta. Wala hakuonekana kujali.

Bwawa lenyewe liko kusini kabisa mwa nchi, juu ya mto Dunajec unaoteremka kutoka milima ya Tatra. Ukisimama ukingo wa kaskazini, Tatra inakukabili ng'ambo ya maji, imechongoka kwelikweli, vilele vyake vikubwa vikipita mita 2,000 na ushee. Mgongoni una Gorce, milima ya misitu yenye vichwa vya mviringo. Mashariki ni Pieniny, midogo lakini yenye miamba, ambako mto unapenya kwa kujipindapinda. Njia ya baiskeli inaitwa Velo Czorsztyn. Ina urefu wa kama kilomita 30, na sehemu kubwa iko mbali na magari. Imejengwa kwa akili: haipandi pasipo na lazima, inafuata mikono ya maji inavyoingia na kutoka, na kila baada ya mwendo mfupi kuna mahali pa kuegesha baiskeli na kukaa. Nimewahi kuendesha kwenye njia za watalii zilizochorwa na mtu ambaye bila shaka hajawahi kukanyaga pedeli. Hii si mojawapo.

Tulianzia Czorsztyn, chini ya magofu ya ngome. Mama alikuwa na baiskeli ya umeme, na alitangulia. Baiskeli hizo kisheria huko Ulaya zinakusaidia pale tu unapokanyaga, na msaada unakatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Mama alikuwa anakwenda kwa mwendo uleule wa kukatikia msaada, mgongo umenyooka, kana kwamba amekaa kanisani. Mimi na shemeji tulifika Mizerna tunahema.

Kufika Maniowy akapunguza mwendo mwenyewe.

Maniowy unayoiona leo ni kijiji kipya kilichopandishwa mlimani: nyumba kubwa za paa kali, mitaa iliyonyooka, kanisa kubwa. Maniowy ya zamani ilikuwa bondeni, kando ya mto. Watu walihamishwa miaka mingi kabla ya maji kuja, maana ujenzi wa bwawa lile ulikwenda polepole ajabu. Wazo lilipata nguvu baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1934, kazi yenyewe ikaanza miaka ya 70, na uzinduzi ukafanyika 1997. Katikati hapo serikali ilibadilika, fedha zikapungua, na vijana wa mazingira wakaja kuupinga mradi wote. Kilichobaki cha kijiji cha zamani ni makaburi, kwa kuwa yalikuwa kwenye mwinuko, pamoja na kikanisa kidogo katikati yake. Sasa yako ukingoni kabisa mwa maji.

Mama aliegesha baiskeli, akavua glavu, akaingia. Aliinama kwenye kaburi moja, akang'oa majani yaliyoota kwenye ufa wa zege, akayakusanya yote kiganjani, akaenda kuyatupa pembeni. Alirudi akapangusa jiwe kwa glavu ileile. Hakusali, au kama alisali sikuona. Baada ya hapo akatuita kwenye ukingo, akanyoosha kidole kwenye maji. Akaanza kuonyesha.

Shemeji alikuwa akitafsiri kwa kuchelewa kidogo. Pale palikuwa na daraja. Pale kwa seremala. Pale, unaona lile boya, rudi nyuma kidogo, hapo ndipo bustani yao ya viazi ilipofika. Kidole kilikuwa kinakwenda bila kusita, kinapinda kona ambazo mimi sizioni, kinasimama, kinaendelea. Juu ya maji hapakuwa na chochote isipokuwa boti moja ya mvuvi. Nilijitahidi kufuata, nikatingisha kichwa kila alipotulia, na nafikiri aliona kwamba sioni kitu, kwa sababu alinishika mkono akaupeleka mwenyewe mpaka mahali pa nyumba yao.

Nikamwomba shemeji amuulize kama waliwahi kulichukia bwawa.

Ilikuwa ni mara yake ya kwanza kuliuliza swali hilo, aliniambia baadaye. Kwao halikuwa jambo la kuzungumzwa mezani. Mama alilichukua kama swali la kawaida. Alisema udongo wa chini ulikuwa mzuri na wa juu ni mawe matupu, na babake alikufa akilalamikia mawe hayo. Akasema pia kwamba chini kule, kila mvua kubwa ikinyesha milimani, walikuwa wanalala na viatu. Halafu ukaja Julai 1997. Hilo nililijua kidogo kwa kusoma: mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 50 nchini Poland na kuzamisha miji mizima kwenye bonde la mto Oder. Bwawa la Czorsztyn lilizinduliwa rasmi tarehe 9 ya mwezi huohuo, wimbi la Dunajec likiwa ndiyo linafika. Lilikuta ukuta uko tayari, likakaa nyuma yake, likateremshwa kidogokidogo. Mama alilitazama likijaa kutoka kwenye dirisha la nyumba ya juu. Siku ile, alisema, waliokuwa wamelipigia kelele bwawa hawakuwa na la kusema, na waliokuwa wamehamishwa hawakuwa na la kusema pia. Akavaa glavu zake.

Kama ningefuata hoja za shemeji, ningefika pale mwisho wa siku, nimechoka, akili iko kwenye gari. Mpaka leo mtu akiniuliza azunguke upande gani namwambia kinyume cha saa, na kwamba maji kuwa mbali kwa upana wa njia moja si hasara ya kulalamikia.

Dębno, kichwani mwa bwawa, kuna kanisa la mbao la karne ya 15 ambalo liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2003. Nililiona ubavu tu, paa la vigae vya mbao vilivyogeuka rangi ya majivu, kwani Mama hakusimama. Kutoka hapo tukavuka kwenda ng'ambo ya kusini, na Frydman ndipo nilipoelewa kazi ya matuta. Njia inapita juu ya tuta refu: kushoto bwawa, kulia kijiji, na kijiji kimo chini. Unaendesha baiskeli ukiwa usawa wa madirisha ya ghorofani, unaona watu wanaanua nguo, na maji yako mgongoni mwao. Nilimuuliza shemeji kama watu wa hapa wanalala vizuri. Akasema wanalala vizuri kuliko zamani.

Baada ya Frydman ikaja bili. Njia inaingia msituni kuelekea Falsztyn, juu ya miteremko inayoangukia majini, na hapo wajenzi waliishiwa ujanja; inapanda, inashuka, inapanda tena. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote na ndiyo iliyonitoa roho. Nilishuka mpaka gia ndogo ya mwisho, nikabonyeza tena kwa kutumaini kuna nyingine, hakuna. Kivuli cha misonobari, harufu ya utomvu, na kila ukitokea kwenye uwazi unaliona bwawa lote chini, na Pieniny mbele yako. Mama alitusubiri kileleni kila mara. Kila tulipofika, aliondoka. Mtu yeyote aliyewahi kusubiriwa na mwendesha baiskeli mwenye nguvu kuliko yeye anajua maana yake: anayesubiri ndiye anayepumzika.

Tulishuka Niedzica kwa breki. Hapa ndipo ukuta wenyewe ulipo, tuta la udongo na mawe la urefu wa mita 56 kwenda juu, na ngome ya karne ya 14 imekaa kwenye mwamba pembeni yake. Mto ulikuwa mpaka zamani. Niedzica ilikuwa ya Hungaria na Czorsztyn ya Poland, ngome mbili zikichunguliana. Leo kati yao ni maji na boti za watalii. Shemeji, ambaye ni mhandisi na alikuwa amejizuia siku nzima, alipata nafasi yake. Alinieleza kwamba mitambo chini ya ukuta inaweza kuzungushwa kinyume: umeme ukihitajika maji yanashuka, umeme ukizidi mahitaji yanapandishwa tena kutoka kwenye bwawa dogo la Sromowce lililo chini. Mama alisikiliza kidogo, akaenda kukata tiketi.

Hapo duara halifungiki vizuri kwa baiskeli. Ama upite juu ya ukuta kisha upande mlima mkali upande wa pili, ama upakie baiskeli kwenye boti uvuke mpaka Czorsztyn. Tulipakia. Mwenye boti alizipokea moja moja na kuziegemeza, na alipofika kwenye ya Mama akaguna kwa uzito. Tulipokuwa katikati ya maji Mama aligusa kioo kidogo kwenye usukani. Akakigusa tena. Betri ilikuwa imekwisha.

Kutoka gatini Czorsztyn mpaka tulipoacha gari ni kipande kifupi, lakini kimesimama wima kama ngazi. Shemeji alijikuta na baiskeli mbili, yake na yangu, na mimi nikapewa ile ya umeme, ambayo bila betri ni chuma cha kilo ishirini na kitu. Nilisukuma. Mama alitembea mbele yetu, mikono nyuma. Nusu ya njia akageuka, akanitazama, akasema jambo.

"Anauliza kama kwenu hakuna milima," shemeji akasema.

"Mwambie ipo, ila huwa hatupandi na baiskeli ya mtu mwingine."

Sijui alitafsiri vipi, maana Mama alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Kisha akarudi chini, akauchukua mkoba wake niliokuwa nimeuning'iniza kwenye usukani, akasema huo angalau ataubeba yeye.