Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye yule anayewafungia milango ya treni stesheni ya York, Uingereza

Saa tisa na nusu usiku alamu inalia. Naoga, chai ya maziwa na mahamri ya jana, natia riflekta kwenye begi nishatoka. Saa hizo basi hakuna kwa hiyo ni miguu tu mpaka stesheni, na kwa baridi ya huku unaenda mbio hata kama hukupanga.

Saa kumi na moja kamili alfajiri nishasaini, niko platifomu. Na hapa naomba niseme kitu kabla hatujaenda mbali: kila siku nikiingia naangalia paa. Wenzangu wameshazoea, mimi bado. Stesheni hii ilifunguliwa 1877, chuma na vioo juu, na paa lote limepinda kufuata reli zilivyopinda. Ile ya kabla yake, ya 1841, ilikuwa ndani ya ukuta wa mji wa kale na reli zilikuwa zinaishia humo, yaani gari linalotoka London kwenda Newcastle linaingia halafu lazima litoke kinyumenyume ndiyo liendelee na safari. Ndiyo wakajenga hii nje ya ukuta. Aprili 1942 ndege za Wajerumani zikaja zikaipiga mabomu, sehemu ya paa ikaungua, wakaitengeneza, na leo nimesimama chini yake. Watu wanashuka hapa wakikimbilia teksi bila hata kuinua macho, mimi roho inaniuma.

Sasa mpindo huo huo ndio sababu mimi nina kazi. Azuma, ile treni ya kasi ya London, ya mabehewa tisa ina mita 234. Ukisimama katikati ya platifomu 5 huoni mwisho wake, mkia wote umekata kona. Kwa hiyo tunasimama watu kwa mafungu: aliye mkiani akiona kwake shwari ananyanyua kibao cha ishara, mimi naipokea, naangalia kwangu, taa ya reli imeruhusu? abiria wamemaliza? saa imefika? Nabonyeza kitufe, wa ndani ya treni wanafunga milango. Kila behewa ubavuni lina taa ndogo ya rangi ya chungwa, mlango ukiwa wazi inawaka, ukifungwa inazima. Zikizima zote watu wanadhani basi, kwisha. Bado. Napitisha macho mlango baada ya mlango kwa sababu ule mpira wa mlango unaweza ukabana mkanda wa begi au kamba ya mbwa na mtambo usihisi chochote, kitu chenyewe chembamba mno, na upande wa pili wa huo mkanda kuna mtu. Nikiridhika ndiyo nampa dereva ruhusa. Yote haya ni sekunde thelathini, arobaini, na nafanya hivyo kutwa nzima.

Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili ni treni tu, moja baada ya nyingine, wafanyakazi wa Leeds, wanafunzi, bibi mmoja wa kiti cha magurudumu naye anaenda Darlington, namwekea ile ngazi bapa apande, halafu napiga simu kule wamsubiri na ya kwao. Simu hiyo ndiyo kazi. Ukiisahau, bibi wa watu atafika Darlington mlango ufunguke hakuna mtu.

Halafu saa mbili na dakika kumi na nne akaja yule bwana.

Treni ya London, platifomu 3. Milango imefungwa, taa za chungwa zimezima, nimeshaanza kupitisha macho. Bwana anateremka ngazi za daraja mbio, kahawa mkono mmoja, begi la laptopu mkono wa pili, anafika anabonyeza kitufe cha mlango, hakifanyi kitu, anaanza kugonga kioo kwa kiganja. Nikamwambia bwana tafadhali rudi nyuma ya mstari. Akageuka, "Treni si ipo hapa!" Nikamwambia ipo lakini imeshafungwa. "Saa yangu inasema bado dakika moja." Nikamwambia ni kweli, saa yako iko sawa. Hilo ndilo lililomtia wazimu zaidi nadhani. "Sasa kama bado dakika moja fungua!"

Jamani wasafiri wote wa Uingereza nisikilizeni. Ile saa iliyoandikwa kwenye ubao ni saa ya magurudumu kuzunguka, sio saa ya wewe kupanda. Milango inafungwa kabla, na imeandikwa hata stesheni. Na siku hizi treni inahesabiwa imewahi kama imefika ndani ya dakika moja ya saa yake, na ikichelewa dakika tatu kuna watu kazi yao ni kukaa kutafuta nani kasababisha. Lakini hata hayo ya mahesabu tuyaache. Kule chini kabla hujafika London kuna daraja la Welwyn, la 1850, matao arobaini, ukilikaribia reli nne zinakuwa mbili. Kila treni ina nafasi yake ya kupita pale. Nikimfungulia mtu mmoja York, wa pili naye anakuja mbio namuona, wa tatu yuko darajani, tayari nafasi ya Welwyn imepotea, treni inakwenda kusota nyuma ya gari linalosimama kila kituo, na waliomo ndani, mamia, wanakosa mikutano yao, hospitali zao, ndege zao. Mtu mmoja analia hapa kwa sauti, mamia wanaolia kimya kule huwaoni.

Nilimweleza kwa ufupi. Hakutaka. Na ubaya ni kwamba treni ilikaa kama sekunde hamsini nyingine mbele yetu, na hizo sekunde ndizo zinazotuponza sisi siku zote, mtu anaona mlango, anaona viti vitupu, anaona mwanamke mweusi mwenye riflekta ndiye kizuizi pekee. "Huwezi au hutaki?" Akatoa simu akaanza kunirekodi. Akataka jina, nikamwonyesha kifuani lipo. Akauliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa, na treni inayofuata ya London iko platifomu hii hii, itakuja si muda mrefu, kama tiketi yako ni ile ya bei rahisi iliyofungwa na treni moja nenda ofisini kaongee nao sasa hivi kabla foleni haijawa ndefu. Nilisema bila kupandisha sauti. Nilikuwa natetemeka mikono lakini sauti sikuipandisha, kisha nikamgeukia dereva nikamaliza kazi yangu kwa sababu bado kulikuwa na milango sijaikagua. Akanifuata mpaka nguzo ya pili akinirekodi mgongo. Tiketi hizo ni ghali, naelewa, mimi mwenyewe nazilipia nikienda kutembea. Lakini kumrekodi mtu akiwa anaangalia usalama wa watu, hapana.

Saa nne chai. Dakika ishirini, nazitumia kusikiliza vois ya mama. "Mwanangu umekula? Hiyo baridi usiichezee, vaa soksi mbili." Halafu lazima amtaje babu. Babu yangu alifanya kazi kwenye zile injini kubwa za mvuke za Garratt zilizokuwa zikivuta gari kutoka Mombasa kupanda mpaka Nairobi, aina ya 59, kila injini ina jina la mlima wa Afrika Mashariki, na zote zilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock miaka ya 1950. Manchester si mbali kutoka hapa, unapanda treni platifomuni kwangu hayaishi masaa mawili ushafika. Mount Gelai iko mpaka leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, ukienda na watoto waguse lile gurudumu. Mimi reli nimezaliwa nayo, mtu asinihurumie kwamba nimeishia stesheni.

Saa tano kasoro dakika chache redio ikaanza. Waya za umeme zimeharibika kusini yetu, upande wa Doncaster, upepo umeleta kitu kimenasa. Hapo nikajua siku imeharibika. Umeme wa reli hii ni volti 25,000 na ulikamilika mpaka Edinburgh 1991, na sehemu kubwa waya za reli zote zimeshikwa na waya zilizokingamishwa kutoka nguzo ya huku mpaka nguzo ya kule, ikivurugika reli moja jirani zake zote zinayumba. Na zile treni zenye dizeli chini ya sakafu nazo hazipiti, huwezi kupitisha kitu chini ya waya unaoning'inia mpaka mafundi wauzime na wauondoe.

Kutoka hapo saa sizikumbuki vizuri. Nakumbuka ubao wote mwekundu. Nakumbuka spika inatangaza platifomu 3, watu wanashuka, inabadilisha inasema 5, watu na masanduku na vigari vya watoto wanapanda tena ngazi za daraja wakinitukana mimi ambaye nimelisikia tangazo pamoja nao. Shifti yangu iliisha saa saba, supavaiza akaniangalia tu, hakusema neno, nikamwambia nabaki. Miguu ilikuwa inawaka moto. Swali ni moja, linaulizwa na kila mtu, na kila mtu anadhani yeye ndiye wa kwanza: itachukua muda gani? Ningekuwa najua ningetundika bango.

Katikati ya hayo nikasikia nyuma yangu, "Samahani dada, wewe ni wa kwetu?" Kijana, mwanafunzi, masanduku mawili, macho mekundu. Ndege yake ya Nairobi saa nne usiku Heathrow. Mdogo wangu, nikamwambia, tulia, London hakuna njia moja. Achana na King's Cross, stesheni ya London zinakoishia treni za hapa. Panda hii inayokuja inayopita Leeds, ya dizeli, shuka Sheffield. Pale panda ya St Pancras, stesheni nyingine ya London, tiketi yako wameshatangaza wataipokea. St Pancras na King's Cross ni pua na mdomo, teremka kwenye treni za chini kwa chini, mstari wa Piccadilly wa bluu iliyoiva, mwendo wa saa moja hivi uko Heathrow. Akaniambia ile apu inasema safari haiwezekani. Nikamwambia apu haijasimama hapa kutwa. Nikamwandikia kwenye karatasi, nikamwinulia sanduku moja, akasema "Asante sana dada, Mungu akuzidishie," na mlango wake nikaukagua mara mbili.

Saa kumi na moja jioni nikaondolewa, na hapo hakuna kubembelezana. Kazi za usalama wa reli hazivuki masaa kumi na mawili, na lazima upumzike mengine kumi na mawili. Kanuni hiyo ilitokana na ajali ya treni ya Clapham Junction, London, Desemba 1988, watu 35 walikufa kwa sababu ya waya wa taa za reli uliounganishwa vibaya, na uchunguzi ukakuta fundi aliyeuunganisha alipumzika siku moja tu ndani ya wiki kumi na tatu. Kwa hiyo mkiona mfanyakazi anaondoka katikati ya vurugu msimzomee.

Waya zilikuwa bado hazijapona nilipotoka. Kesho saa kumi na moja alfajiri narudi. Ila Jumapili niko ofu, na nimeshakata tiketi ya Pickering, ile reli ya zamani ya mvuke inayokwenda mpaka Grosmont, maili kumi na nane za mabonde na misitu, njia iliyojengwa na mhandisi George Stephenson ikafunguliwa 1836 wakati mabehewa yake yakivutwa na farasi. Nataka treni ya kwanza ya asubuhi, behewa la mbele kabisa nyuma ya injini, dirisha wazi, na soksi mbili kama mama alivyosema.